Utupa Kwenye Matuta ya Mama

Mwishoni mwa mwaka 2009, nikiwa nyumbani Kasulu nasubiri matokeo ya kidato cha nne, baba mdogo alimletea mama mzigo wa mbegu ya muhogo isiyo na batobato, ule ugonjwa wa majani ya muhogo. Aliupata Kibondo kwa mkulima aliyekuwa akizalisha mbegu safi, akaufunika gunia lililolowa ili mashina yasikauke, akaupandisha juu ya basi.

Misimu ya nyuma shamba letu lilikuwa limeharibika vibaya. Majani yalijikunja na kupata mabaka ya manjano, mashina yakadumaa, na ukichimba unakuta mizizi membamba isiyotosha hata ugali wa siku mbili. Batobato huenezwa na inzi weupe, lakini pia huenezwa na mikono yetu wenyewe: unakata pingili kwenye shina gonjwa, unampa jirani kwa nia njema, naye anampa shemeji yake ng'ambo ya mto. Kijiji kizima tulikuwa tumegawana ugonjwa ule. Ndiyo maana mama aliupokea mzigo kwa mikono miwili. Kama ungepotea, hakukuwa na jirani wa kumwomba mwingine.

Tuliinua matuta, tukakata pingili za urefu wa shibiri na kidogo, tukapanda mvua za Novemba zilipoanza. Mama hakupanda zote. Sehemu ya mashina aliyasimamisha kivulini chini ya mwembe, vitako vikiwa vimefukiwa kidogo kwenye udongo, ili apande mvua zikishakolea.

Mvua zikakatika. Jua likawaka na udongo mwekundu ukapasuka juu ya matuta. Asubuhi moja mama aliona pingili iliyokwisha kuchipua imelegea majani. Akaishika, ikatoka bila kuvutwa, nyepesi ajabu. Ganda lilikuwa zima kabisa. Ndani mlikuwa mmejaa udongo.

Tulipita tuta kwa tuta tukizigusa. Nyingine zilikuwa imara, nyingine ziling'oka vilevile. Juu ya ardhi hatukuona mchwa hata mmoja, kwa sababu hapendi jua wala upepo mkavu. Husafiri chini, na akilazimika kupanda juu hujijengea kwanza njia ya udongo na kupita ndani yake. Ukishaona dalili, kazi yake ameifanya siku nyingi. Tulipokagua yale mashina ya chini ya mwembe, tukakuta njia za udongo zimeshaanza kupanda kwenye mawili matatu.

Mama aliketi juu ya tuta, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya shambani. Baba alikuwa Uvinza kwenye kazi ya chumvi na hela ya mwezi ule ilishakwenda kwenye ada ya mdogo wangu.

Ushauri ulikuja kwa wingi jioni ile. Jirani mmoja alisema tumwage oili chafu. Mama akakataa palepale, akisema ardhi iliyomwagiwa oili haimpi mtu chakula. Mzee mwingine alisimulia unga wa zamani, kwamba enzi zake ukiupaka mara moja mchwa hawarudi miaka na miaka. Alisema kweli. Nilipokuja kusoma kilimo nilielewa kwamba unga wa aina ile, kama aldrini na dieldrini, ulimweza mchwa kwa sababu hauozi upesi: unakaa ardhini miaka mingi, unaingia kwenye mafuta ya mwili wa mnyama na wa mtu. Mwaka 2001 Mkataba wa Stockholm uliziweka dawa hizo mbili katika orodha ya kemikali 12 za kwanza za kuondolewa au kudhibitiwa duniani.

Baba mdogo alikuwa na wazo la kwenda kwenye chanzo. Pembeni ya shamba kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Alichuma bua la nyasi, akalipenyeza kwenye tundu, akasubiri, akalichomoa taratibu. Askari wenye vichwa vikubwa walikuwa wamelinasa kwa meno, hawaachii. Sisi wa Kigoma tunajua nani mwingine hufanya hivyo: ni njia ileile ambayo mtafiti Jane Goodall aliiona mwaka 1960 kule Gombe, sokwe akivua mchwa kwa bua na kuwala. Baba mdogo alitaka tu kujua kama kichuguu kiko hai.

"Kiko hai, shemeji," alisema. "Tutafute dawa ya dukani tuimwage humu, tummalize malkia."

"Humo humo ninamochukua kumbikumbi za watoto?" mama alimuuliza. "Na uyoga?"

Swali hilo lilimaliza mjadala. Kumbikumbi wetu, wale wa mvua za kwanza wanaokaangwa na chumvi, walitoka kwenye kichuguu kile. Uyoga mkubwa uliochipua ubavuni mwake pia ulikuwa wa mchwa, maana ndani kabisa wao hulima ukungu juu ya mabaki ya miti wanayoyabeba, na uyoga ule ni tunda la ukungu huo. Hata udongo wa kukandika jiko letu tuliuchimba hapo. Kumwaga sumu kwenye kichuguu kulikuwa sawa na kuimwaga jikoni.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa kimya akichambua maharage. Hakuwa mtu wa kuingilia maneno ya shamba la mkwewe. Lakini mama alipomgeukia na kusema, "Mama, wewe unasemaje?" alijibu kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa.

"Utupa upo pale. Mmeuacha kwa fuko peke yao."

Utupa ni kichaka kinachomzidi mtu mzima kimo, chenye vijani vingi vilivyopangana kwenye kikonyo, laini na vyenye manyoya, maua meupe au ya zambarau, na maganda ya mbegu yenye vinyweleo. Bibi aliupanda kuzunguka bustani yake kwa sababu watu wetu wanaamini fuko hupaogopa ulipo. Tuliuona kila siku, na sisi watoto tulikatazwa tangu tukiwa wadogo kuutafuna au kuwapa mbuzi. Hakuna aliyekuwa ameuhesabu kuwa dawa ya mchwa.

Kazi ilianza jua lilipopungua. Bibi alisema majani yakichumwa na kutwangwa juani nguvu hupotea. Hakuniambia kwa nini, na wakati ule haikunisumbua. Leo ninajua kwamba sumu iliyomo, rotenoni na ndugu zake, huvunjwa haraka na mwanga wa jua. Bibi alikuwa ameona tokeo lake mara nyingi kiasi cha kutohitaji jina.

Hatukutumia kinu cha chakula. Tulitwanga kwa jiwe ndani ya beseni kuukuu lililopasuka mdomo, ambalo baada ya siku ile halikurudi tena jikoni. Bibi alitufunga mifuko ya nailoni mikononi na kuwafukuza wadogo zangu mpaka upande wa pili wa nyumba. Majani yaliyopondeka yalitoa rojo la kijani lenye harufu kali ya mbichi. Tuliyajaza nusu ndoo ya lita 20, tukaongeza maji hadi juu, tukaparuzia sabuni ya mawese kidogo ili dawa ishike kwenye ganda, tukafunika na kuacha usiku kucha. Baba mdogo, aliyekuwa na safari ya Ujiji, alirudi baadaye na mfuko wa majani ya mwarobaini, ambao kwetu milimani haukuwepo. Hayo tuliyaloweka kwenye ndoo ya pili.

Asubuhi tulichuja kwa kitambaa na kulaza ndani yake pingili mpya zilizokatwa kutoka kwa mashina ya chini ya mwembe. Zilikaa mpaka jioni. Tukazipanda palipoliwa, na zile zilizobaki nzima ardhini tukazimwagia kikombe kimoja kimoja shinani. Dawa haikutosha tuta la mwisho. Mama alisikitika, lakini tuta lile ndilo lililotufundisha, kama nitakavyoeleza.

Jambo la pili Bibi alilitaka kwa ukali uleule. Tulikuwa tumefyeka nyasi na kuchoma mabua yote, shamba likawa safi kama kiwanja. Alituamuru tulete mabua makavu ya mahindi na kuyatandaza kati ya matuta.

"Mmemnyang'anya chakula chake," alisema, "halafu mnashangaa anakula chenu."

Nilipokutana na jambo hili darasani, kwamba mchwa wengi hupendelea mti mkavu na hugeukia mmea mbichi hasa wakikosa mabaki ya kula, nilikuwa nimeshalisikia kwa Bibi.

Lakini alichokuwa mkali nacho kuliko vyote ni maji. Kijito kilipita chini ya shamba, na vijito vyetu vya Kasulu huishia Ruchugi, Ruchugi huingia Malagarasi, Malagarasi humwagika Ziwa Tanganyika. Niliponyanyua ndoo tupu ili nikaisuuzie kijitoni, Bibi alinishika mkono.

"Mjukuu wangu, hiyo ndoo haifiki mtoni."

Alituchimbisha shimo upande wa juu kabisa wa shamba, makapi na maji ya kusuuzia vikafukiwa humo. Jioni alinisimulia alivyoona akiwa msichana. Wakati wa kiangazi, maji ya mto yakibaki kwenye vidimbwi, watu walitwanga utupa na kuumwaga. Samaki walielea matumbo juu, wakubwa na vitoto vyao, na dimbwi lile likakaa bila samaki muda mrefu. Walikula siku moja, alisema, wakalala njaa baadaye. Kuvua kwa sumu kumekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Nguvu inayomuua samaki ndiyo inayomuua mchwa: sumu ya utupa huzuia chembe za mwili zisitumie hewa kujipatia nguvu, mdudu analegea polepole mpaka anakufa. Ninawasikia watu wakisema dawa ya majani haina madhara kwa kuwa ni ya asili, na kila mara ninakasirika. Bibi asingekubali neno hilo hata kidogo.

Mvua zilirudi kabla ya Krismasi. Matuta yaliyopata dawa yalichipua karibu yote. Tuta la mwisho, lililopandwa siku ileile kwa mbegu ileile, lilikuwa na mapengo kila hatua, na pingili zake zilizokufa zilikuwa zimejaa udongo. Ningeweza kusema ni mvua, au ni mabua, kama si tuta lile. Mvua na mabua vilikuwa vya matuta yote.

Dawa haikudumu. Kila baada ya mvua kubwa tulilazimika kumwagia tena, maana maji huiosha na siku chache zinatosha kuimaliza. Yule mzee wa unga wa zamani alipita akatuona tunatwanga upya, akauliza dawa gani hiyo ya kurudiarudia. Nadhani alikuwa anauliza jambo la haki. Jibu ni kwamba unga wake ulikaa ardhini kwa sababu ileile iliyoufanya uingie kwenye maziwa ya mama, na utupa hauingii huko kwa sababu ileile inayotuchosha mikono. Mtu anachagua, na mimi nimeshachagua. Pingili ya muhogo inahitaji ulinzi hasa wiki za mwanzo, mpaka iote mizizi na kushika.

Nguzo ya nyumba ni habari nyingine. Mama, kwa furaha ya shambani, alikwangua njia za mchwa kwenye nguzo za jiko na kuzipaka dawa ya utupa na ile ya mwarobaini kwa zamu. Mchwa walipotea, kisha njia mpya zikapanda upande wa nyuma. Mwarobaini hauui papo hapo. Humtia mdudu kinyaa asile, na huvuruga kujivua ngozi kwake anapokua. Tena malkia yuko ndani ya kichuguu, anataga mayai maelfu kwa siku, na dawa ya nguzoni haimfikii. Baba alipokuja likizo aling'oa nguzo zilizoliwa, akasimamisha mpya juu ya mawe.

Muhogo ule tuliuchimba mwaka uliofuata. Mizizi ilikuwa minene, na tulivundika mwingi wa unga. Lakini mali yenyewe ilikuwa mashina. Majirani walikuja kuomba mbegu, mama akawapa wote, hata yule wa oili chafu. Bibi aliweka sharti lake: kila aliyebeba mashina alibeba pia ganda la mbegu za utupa, na alitakiwa kumwambia kwanza ataupanda wapi. Mama mmoja aliyekuwa na shamba bondeni alimjibu kuwa ataupanda kando ya kijito, maana pana unyevu. Bibi alimnyang'anya lile ganda mkononi, akampa mashina peke yake, akamwambia arudi akishapata mahali pengine. Alirudi baada ya wiki, akasema mumewe amemkatia kipande juu, karibu na barabara.