Kwani hao ndege wanaliwa?

Miaka tisa nimekuwa mwongozaji wa watalii hapa Malindi, na miaka tisa mama yangu hajaridhika na maelezo yangu. "Unatoka usiku, unarudi usiku, kwenda kutazama ndege. Kwani wanaliwa?" Hawaliwi, mama. "Basi wanauzwa?" Hawauzwi. Hunyamaza akaendelea kupepeta mchele wake. Majirani nao wana lao: eti natembea na wazungu kivulini, napigwa picha, jioni nahesabu noti. Basi nimeona niandike siku moja kama ilivyokuwa, Jumatano ya wiki jana, siku ya kawaida kabisa ya kaskazi.

Saa tisa na nusu usiku niko macho kabla simu haijalia. Chai ya rangi, mahamri mawili yaliyolala, soksi juu ya suruali kwa ajili ya kupe. Mkobani naweka daftari, maji chupa tatu, na darubini niliyoinunua mkono wa pili nikailipa kidogokidogo kwa miezi kumi na minne. Mwanangu haruhusiwi hata kugusa kamba yake.

Saa kumi na moja kasorobo dereva anapiga honi, na saa kumi na moja tuko mlangoni mwa hoteli. Wageni ni mume na mke kutoka Uingereza, wote wastaafu. Bwana anataka ndege. Bibi anataka magofu. Ndiyo maana wakachagua safari ya mchanganyiko: asubuhi msitu wa Arabuko-Sokoke, mchana mji wa kale wa Gede, jioni hori la Mida. Ukiangalia ramani, mambo yote hayo yako kilomita chache kutoka njia panda ya Gede. Lakini njia mbili zilimshinda fisi, na siku hiyo fisi alikuwa mimi.

Tunaingia msituni kukiwa bado na giza la alfajiri. Niseme kidogo kuhusu msitu huu, kwa sababu wengi wetu tunaupita kwa matatu kila wiki tukidhani ni pori tu. Una kilomita za mraba zipatazo 420, na ndani yake kuna misitu mitatu: ule mchanganyiko ulio upande wa bahari, ule wa miti ya mirihi kwenye mchanga mweupe, halafu ukienda ndani zaidi udongo unageuka mwekundu na vichaka vinabana mpaka unatembea kwa bega. Kila sehemu ina ndege wake. Mgeni anayelipa nauli ya ndege kuja kutazama ndege anataka wa sehemu zote tatu kabla ya chakula cha mchana.

Kwenye mirihi ndiko matata yalikoanza.

Kuna ndege mmoja, kwera wa Kilifi, ambaye duniani kote hupatikana katika kaunti yetu hii tu. Hapa Sokoke, na kule Dakatcha nyuma ya Malindi anakozalia. Basi. Ana mwili wa manjano chini, kichwa cheusi, mgongo mweusi, na hupita juu kabisa ya mirihi kwa makundi, haraka, kama watoto waliofunguliwa madrasa. Tatizo ni kwamba ana nduguye, kwera wa msituni, ambaye si wa kutafutwa hivyo, naye ni mweusi juu na manjano chini. Tofauti iko kwenye bawa: kwera wa Kilifi ana michirizi ya manjano pembeni mwa manyoya ya bawa, mwenzake bawa ni jeusi tu. Sasa mtazame huyo akiwa mita ishirini juu, jua likiwa nyuma yake, na haketi.

Kundi likapita. Nikasikia kwanza, kwa sababu kazi hii ni ya masikio kabla ya macho. Sauti niliyoisikia ilikuwa ile ya kukwaruza, kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Kwera wa msituni. Bwana akainua kamera, tatatata, akashusha akiwa ametoa meno yote. "Tumempata!"

Nikamwambia kwa adabu: hapana, mzee, hawa ni wale wengine, wetu tutamtafuta mbele kidogo. Akasema amewaona vizuri. Nikamuuliza kama ameona bawa. Akasema ameona ndege mzima, bawa likiwemo. Akafungua kitabu chake, akanionyesha picha, akaipigapiga kwa kidole kana kwamba mimi ndiye nimetoka Uingereza asubuhi ile. Kisha akaniuliza nimeifanya kazi hii muda gani.

Hapo ndipo pesa ya mwongozaji inapotoka jasho, wala si kwenye kutembea. Ningesema "ndiyo mzee, umempata", angetia alama kwenye orodha, tungeendelea, na bahasha ya jioni ingenenepa. Wapo wanaofanya hivyo, nawajua. Lakini yule ndege ni wetu, na mtu akitoka hapa na alama ya uongo nahisi kama nimemuuzia kiwanja cha marehemu. Nikasema tena: sauti ile si yake. Dakika arobaini zikaisha pale pale, shingo zimepinda, yeye akikuza picha kwenye kioo kidogo cha kamera, mimi nikisikiliza juu, mkewe amekaa kwenye gogo anasoma kitabu cha historia ya pwani. Tulipoondoka, bwana alikuwa ameandika alama ya kuuliza pembeni ya jina. Hakunisemesha mpaka udongo ulipogeuka mwekundu.

Saa mbili unusu hivi, tukaanza kumtafuta bundi.

Bundi mdogo wa Sokoke alijulikana kwa wataalamu miaka ya 1960 tu. Uzito wake ni kama gramu 50, yaani vitumbua viwili vinamshinda. Wako wa kijivu na wako wa rangi ya kutu, na mchana hulala chini chini kwenye vichaka vya udongo mwekundu, akijifanya jani kavu. Jana yake nilikuja peke yangu kwa boda, nauli yangu, nikatafuta saa tatu, nikampata, nikaweka alama ya kijiti. Siku hiyo hakuna aliyenilipa wala haimo kwenye hesabu ya mtu. Tulipofika kijitini, bundi hakuwepo.

Nilihisi joto likipanda masikioni. Nikawaambia wasubiri, nikaingia kichakani kwa magoti. Miiba ikachukua haki yake. Nikatoka upande wa pili nikakuta mavi ya ndovu ambayo bado yalikuwa na unyevu, nikarudi upesi nikawasogeza wageni karibu na gari bila kuwaeleza mengi, nikasikiliza, kimya, nikaingia tena. Mara nasikia bundi anaita kwa nyuma yangu. Bundi gani anaita saa tatu asubuhi? Nikageuka: bwana ameshika simu, anacheza sauti ya bundi iliyorekodiwa, sauti imefunguliwa mpaka mwisho.

Nikamwomba azime. Nilimweleza kwamba ndege akisikia mgeni nyumbani kwake anafadhaika, anaacha kulala, anajionyesha kwa mwewe. Tukifanya hivyo kila siku na kila mgeni, mwisho atahama na vichaka vyenyewe si vingi. Akasema kwao hufanya. Mkewe, bila kuinua macho kitabuni, akasema jambo moja fupi kwa sauti ya chini. Simu ikazimwa.

Nilimpata bundi saa nne kasoro dakika kumi, hatua thelathini kutoka kijiti changu, kwa futi nne juu ya ardhi, rangi ya kutu. Alifungua jicho moja nusu, akatuona hatuna maana, akalifunga. Bwana alishika mdomo kwa mkono. Alitetemeka kweli, mzee wa miaka sabini, akashindwa hata kupiga picha mwanzoni. Nami hasira zikashuka kidogo, sitaki kusema uongo. (Mama hataki nilete picha ya bundi nyumbani. Anasema ni uchuro. Simu yangu inazo mia mbili na zaidi.)

Gede tulitakiwa kufika saa nne. Tukafika saa tano na robo, jua limesimama wima. Malipo ya kuingia siku hizi ni kwa simu, na mtandao ulikuwa unazunguka tu kama kiwavi aliyepotea njia, kwa hiyo dakika ishirini nyingine zikaenda pale nje.

Ndani, hata hivyo, huwa napumua. Kuta za matumbawe na chokaa, mizizi ya miti imezikumbatia, hondohondo wanapiga kelele juu kama watoto wanaolia njaa. Bibi sasa akawa ndiye mwenye siku. Nikampeleka kwenye kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Nikamwonyesha msikiti mkuu na kisima chake, jumba la kifalme, na nyumba zilizopewa majina kwa vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapa kuanzia 1948 kwa miaka kama kumi, na ndiyo maana majina hayo yana ladha ya daftari la mchimbaji; wenyewe waliolala humo hatujui walizitaje. Bibi aliuliza maswali ambayo wengi hawaulizi. Maji yalitoka wapi, yalikwenda wapi, nani alichota. Tulikaa muda mrefu kwenye vyoo vya jumba, ndiyo, vyooni, tukitazama mifereji, akisema watu waliokuwa na vyoo hivi miaka mia sita iliyopita hawakuwa na haja ya kufundishwa ustaarabu.

Bwana, aliyekuwa akitafuta ndege juu ya kuta, akadakia: "Waarabu walikuwa wajenzi hodari."

Swali hilo, au kauli hiyo, naipata mara mbili kwa wiki. Nimechoka nayo kuliko kupe. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: mji huu ni wa Waswahili, watu wa pwani hii, waliofanya biashara na Waarabu, Wahindi na hata vyombo vya Uchina vikafika mezani kwao. Ukiwa na sahani ya Kichina kabatini hujawa Mchina. Alicheka, akasema ni haki. Tangu 2024 Gede imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, nikaongeza, maana jambo hilo napenda kulisema hata asiponiuliza mtu.

Wakati huo sange akapita katikati ya njia, yule mnyama mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye watu husafiri kutoka mbali kumwona. Bibi akapiga ukelele wa furaha. Bwana hakugeuka, si ndege. Babu yangu alikuwa akiwatega hao kwa kamba kando ya msitu, wakiliwa na ugali, na mimi nilikula. Sikuwaambia. Bwana alijutia kutogeuka alipokuta kima amefungua mfuko wake nyuma na ndizi zote mbili zimekwenda juu ya ukuta wa karne ya kumi na tano.

Baada ya chakula sikuangalia saa tena vizuri. Nakumbuka dereva amelala mdomo wazi chini ya mwembe. Nakumbuka miguu ndani ya buti kama mihogo iliyochemka. Mida tulipaswa kufika maji yakiwa yamejaa, ndege wanasogezwa karibu na mikoko. Sisi kwa kuchelewa kwetu tukakuta maji yameshatoka na ndege wamekuwa nukta. Bwana alitaka wale weupe na weusi wenye mdomo mnene wa kupasulia kaa, wanaozaliwa kwenye mashimo ya mchanga huko pwani za Uarabuni na kuja kwetu kupumzika kaskazi nzima. Tukawafuata kwenye tope, mimi nimebeba darubini ya miguu mitatu begani, tope ndani ya buti, bwana mkono wake mmoja umenishika shati nyuma asianguke. Tukawaona. Kama thelathini hivi. Akahesabu mara mbili.

Malindi tulirudi saa moja na nusu usiku. Bwana alikuwa na aina themanini na moja kwenye orodha, na alama moja ya kuuliza. Bahasha alinipa bibi. Dereva akaniambia, "Kaka, yule mzee leo alikusaga." Nikamwambia anyamaze aendeshe.

Nyumbani mama alikuwa ameacha samaki wa kupaka na wali chini ya kawa. Nilikula nimeegemea ukuta. Saa tatu na nusu usiku, simu: bwana amenitumia picha zake kumi na mbili za kwera, bila neno hata moja. Nikazikuza moja moja. Bawa jeusi, bawa jeusi, jeusi. Picha ya saba, nyuma ya jani la mrihi, kuna ndege wa tatu, amekatwa kichwa na tawi. Nikaikuza mpaka ikawa vijisanduku, nikavaa miwani ya mama, nikaikuza tena. Michirizi ya manjano.

Walikuwa pamoja kundini, na mimi nilimsikiliza mmoja tu.

Nikamwandikia: mzee, picha ya saba, nyuma ya jani, huyo ni wako, futa alama ya kuuliza. Akajibu kwa kidole gumba. Nikaweka simu iniamshe saa tisa na nusu. Kesho ni wanafunzi hamsini na wawili wa shule ya msingi, Gede tu, hakuna ndege.