Zamu yangu ilikuwa ya maji

Jumamosi ya kuelekea Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani, nilipanda pantoni ya asubuhi kwenda Kigamboni na furushi la chupa tupu 34. Nyuma yangu walikuja watoto na mama zao, kila mtoto kavaa sweta. Abiria walitugeukia, Dar es Salaam sweta si vazi la watu wengi. Lakini mwezi wa sita kusi inavuma, na pale majini inapenya mpaka kwenye mifupa. Kwa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, baridi si jambo la kuvumilia. Inaweza kumwamshia maumivu akalazwa wiki nzima.

Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu Mbagala. Waandaaji waliponiuliza nitajitolea kwa lipi katika kambi hiyo ya kutwa ya watoto wenye selimundu, niliwaambia nipeni chochote. Wakanipa maji. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilishona vifuko vya chupa kwa vipande vya vitenge vilivyobaki kwa wateja, kila kifuko na ua lake, maana wengine hawajajua kusoma majina yao.

Asubuhi nesi alituweka chini, sisi tuliojitolea. Alisema chembe nyekundu za damu za mtu mwingine huishi siku kama 120, za watoto hawa huvunjika baada ya siku 10 au 20 tu. Ndiyo maana macho yana umanjano na wanachoka upesi. Mwili ukikaukiwa maji, chembe hujipinda kama mundu na kuziba vijishipa. Kwa hiyo kila nusu saa nipite, na nisikubali kuambiwa "nimeshakunywa" kabla sijaona chupa.

Walicheza mdako, wakachora, na mpira tukaucheza dakika kumi kumi, halafu kivulini. Bahari ilikuwa pale pale lakini hakuna aliyeogelea, kwa ajili ya baridi ya maji. Waliokota makombe. Mvulana mmoja alinijazia mfuko wa gauni.

Binti mwenye kifuko cha rangi ya chungwa, wa miaka tisa hivi, chupa yake haikupungua. Nikipita mara ya kwanza, imejaa. Ya pili, imejaa. Nikachuchumaa karibu naye.

"Mama, mbona hunywi?"

Akatazama kama kuna anayesikia. "Anti, nikinywa nitakojoa."

Shuleni kwao ukishatoka mara moja kwenda chooni, mara ya pili hupewi ruhusa. Na nyumbani kuna usiku. Hakulitaja neno, nami sikumtajisha. Alikuwa ameamua mwenyewe, mtoto mdogo vile, kukaa na kiu.

Nilimwendea nesi pembeni. Wakati wa chakula, bila kumtaja mtu, akawaeleza wazazi: chembe zile zile huumiza na figo, na figo iliyoumia hushindwa kubakiza maji mwilini. Mkojo unatoka mwingi, mwepesi, mchana na usiku. Wengi wao hukojoa kitandani mpaka wakubwa, na si uvivu wala ukaidi. Msiwanyime maji usiku, alisema. Waamsheni.

Mama mmoja aliweka sahani chini. "Nimemchapa," akasema. "Miaka yote hii nimemchapa." Mwenzake alimshika mkono, na tukakaa hivyo kidogo.

Mimi nilikuwa nimeshika jagi, nikimfikiria mdogo wangu. Tulijua ana selimundu. Dawa zake nilizibeba mimi. Lakini kila asubuhi alitolewa na godoro lake uani, alianike upande wa njia, watoto wanaokwenda shule wamwone. Walimwita kikojozi. Nilikuwa na miaka 12, na mimi dada yake niliwahi kumwita hivyo mbele yao.

Mchana ule niliweka ndoo ya maji na sabuni karibu na vyoo, nikawatangazia watoto kwamba leo hapa hakuna kuomba ruhusa. Unanyanyuka, unakwenda. Binti wa kifuko cha chungwa alimaliza chupa tatu. Kila akitoka chooni alininyooshea vidole kwa mbali kunionyesha hesabu: kimoja, viwili, mpaka vitano.

Jioni, kabla sijavua viatu, nilimpigia mdogo wangu. Yuko Morogoro siku hizi, ana miaka 27. Nikamweleza habari ya figo yote kama nesi alivyoisema. Nikamwambia na la kwangu, la kumwita vile njiani, nikamwomba anisamehe.

Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Dada," akasema, "mama umemwambia?"

Nikamwambia bado.

"Basi nisubiri. Nakuja Idi. Tumwambie wote wawili, asije akadhani tunamlaumu."