Ufunguo wa Mlango wa Juu ya Ngazi

Nyumba tunayopanga hapa Nairobi ina mlango wa chuma juu ya ngazi, unaotenganisha vyumba vya kulala na sehemu nyingine zote. Nyumba nyingi za mtaa wetu zina mlango wa namna hiyo: mwizi akivunja huko chini, na achukue televisheni aende zake, nanyi mmejifungia juu mkipiga simu. Kwa miaka sita nimeufunga kila usiku kwa kufuli, nikauweka ufunguo chini ya godoro na kulala bila wasiwasi. Mwezi uliopita, saa nane za usiku, soketi ya friji iliungua jikoni, umeme ukakatika na moshi ukaanza kupanda ngazini. Nilipapasa chini ya godoro gizani, nikaliinua, nikaling'oa lote kitandani, na ufunguo sikuupata. Mke wangu alikuwa ameshika nondo za mlango kwa mikono miwili huku watoto wakikohoa nyuma yake. "Baba Neema," aliniambia, "tumejifungia na moto." Bahati yetu soketi iliyeyuka tu na moto haukushika. Ufunguo niliukuta asubuhi ndani ya kiatu.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuhusu vyumba vya usalama ambavyo watu hujijengea majumbani, na kisa kilichonikaa moyoni ni cha Edmond Safra, tajiri wa mabenki aliyefariki Monaco tarehe 3 Desemba 1999. Alfajiri hiyo muuguzi wake mmoja aliwasha moto kwenye kapu la taka, akajijeruhi kwa kisu na kudai kwamba wavamizi wameingia. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2002. Safra alijifungia bafuni pamoja na muuguzi mwingine. Simu alikuwa nayo, akazungumza na watu wa nje, na wazima moto wakafika, lakini hakukubali kufungua kwa sababu aliamini kwamba wauaji wangali wanamsubiri. Wote wawili walikufa kwa moshi. Mvamizi hakuwako hata mmoja.

Walioijua kazi ya maficho kuliko wengine wote, kwa maoni yangu, ni Wakatoliki wa Uingereza wa zamani, ambako sheria ya mwaka 1585 ilimhesabu padri aliyepewa upadrisho ng'ambo kuwa mhaini kwa kukanyaga tu ardhi ya nchi. Seremala mmoja mfupi wa kimo, Nicholas Owen, alizunguka katika nyumba za waumini wenye mali akichimba maficho chini ya sakafu, kando ya dohani na ndani ya kuta. Mchana alifanya matengenezo ya kawaida mbele ya watumishi. Usiku alibomoa mawe peke yake, ili siri isivuke watu wawili watatu. Januari 1606, baada ya kugunduliwa njama ya kulipua Bunge, askari waliizingira nyumba ya Hindlip, karibu na mji wa Worcester, wakagonga kuta na kung'oa mbao kwa siku kadhaa. Owen na mwenzake walijitokeza wenyewe siku ya nne, kwa kuwa chakula chao kilikuwa tunda moja la tufaha. Mapadri wawili, Henry Garnet na Edward Oldcorne, walivumilia hadi siku ya nane, maana ficho lao lilikuwa na mrija uliopita kwenye dohani, nao walimiminiwa mchuzi wa moto kutoka chumba cha jirani. Kilichowatoa ni hewa nzito na ukosefu wa choo. Garnet aliandika baadaye kwamba lau wangekuwa na choo cha ndani wangeweza kukaa humo robo mwaka. Owen alikufa kwa mateso katika Mnara wa London bila kutaja ficho hata moja. Hindlip ya leo, tena kwa kejeli ya historia, ni makao makuu ya polisi.

Hata serikali hujenga kwa kuitazama hatari moja. Tangu mwaka 1992, baada ya makombora ya Iraki, Israeli imelazimisha nyumba mpya ziwe na chumba cha zege, na milango yake mingi haikuwekewa kufuli ya ndani ili waokoaji waweze kuifungua. Tarehe 7 Oktoba 2023 waliokuja ni watu wenye bunduki, na kuna waliokaa saa nyingi wameng'ang'ania kitasa.

Jumamosi iliyopita nilimwita fundi wa kuchomelea, nikamwomba aondoe kufuli na kuweka komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Aliutazama mlango, akapitisha mkono wake kati ya nondo kutoka upande wa ngazi, akagusa pale ambapo komeo lingekaa. "Na mwizi akifanya hivi, mzee?" Tukakubaliana achomelee bamba la chuma kuzunguka komeo, lenye upana unaozidi urefu wa mkono, na Neema, mwenye miaka saba, alilifungua mara tatu macho yakiwa yamefungwa kwa kitambaa kabla sijamlipa fundi.