Redio ya valvu ya Peugeot 403: vaibreta, kapasita na nta ya Sikonge

Tabora. Haya ni maelezo ya kuifufua redio ya gari la Peugeot 403. Redio ni ya mawimbi ya kati tu, valvu (mirija ya kioo ya kielektroniki) tano: 12BE6, 12BA6, 12AV6, 12AQ5 inayoendesha spika, na 12X4 inayonyoosha umeme. Gari lina umeme wa volti 12, hasi kwenye bodi.

Julai 5: kabla ya umeme wowote

Redio hizi huuawa na mtu anayezipa betri "tuone kama inasema". Valvu zinataka volti 200 na zaidi, betri haina. Kazi hiyo ni ya vaibreta: ulimi wa chuma unaocheza mara 115 hivi kwa sekunde, ukiunga betri upande huu wa transfoma, kisha ule. Kila ulimi unapoachia, transfoma hurusha mpigo mkali, na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) moja ndogo upande wa volti kubwa ndiyo inayoumeza. Ya karatasi iliyokaa miaka yote hii ichukulie kuwa imevuja. Ikipiga shoti, ndimi za vaibreta hugandana na transfoma inaungua. Transfoma hiyo huipati dukani.

Hii ilisomeka 0.0068 µF, 1600V. Thamani isibadilishwe, hata kwa nia njema: imepangwa pamoja na transfoma, na ikizidi au kupungua ndimi zinachomana cheche. Spea iko kwenye TV ya chogo iliyotupwa. Tazama karibu na flaibaki (transfoma ya volti kubwa ya TV), utakuta kapasita za plastiki ngumu zilizoandikwa 1600V. Yenye namba 682 ndiyo hiyo. Ipime kwanza kwa mita. Vidonge vya bluu vya 2kV viache, havikutengenezwa kwa mpigo wa namna hii.

Kapasita nyingine saba za karatasi zimetoka zote, bila kupimwa moja moja. Muhimu kuliko zote ni ile ya 0.01 µF kati ya 12AV6 na 12AQ5. Ikivuja kidogo tu inapeleka volti chanya kwenye gridi (sehemu inayodhibiti mkondo) ya 12AQ5, valvu inavuta mkondo kupita kiasi mpaka bati lake la ndani linakuwa jekundu, kisha transfoma ya spika inafuata.

Ili sura ya zamani ibaki, utumbo wa kila kapasita ulisukumwa nje na mpya ya 630V ikaingia kwenye ganda lilelile. Nta ya nyuki kutoka Sikonge ni safi na bei yake si ya kulalamikia, lakini inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na gari lililoegeshwa juani Oktoba linaweza kukaribia huko chini ya dashibodi. Kwa hiyo ndani jaza gundi ya vichupa viwili, nta ipake nje tu, nyembamba.

Kopo la kapasita za kulainisha umeme, 20+20 µF, limeachwa mahali pake kama pambo; chini yake zimefungwa mbili za 22 µF, 450V. Usiweke 100 µF kwa kudhani mlio wa chini utakwisha. 12X4 na vaibreta ndizo zitakazolipa.

Julai 12: vaibreta

Mdomo wa kopo la vaibreta umenyanyuliwa polepole kwa bisibisi bapa. Ndani kulikuwa na sponji ya mpira iliyooza, na hiyo ndiyo adui: mpira ukioza hutoa salfa inayofunika ndimi kwa utando usiopitisha umeme. Msasa namba 1000, vipande vyembamba, kuvuta mara tano au sita kila upande, kisha karatasi nyeupe yenye spiriti. Tupa ya chuma isitumike: ndimi zikipoteza umbo, nafasi kati yake inaharibika. Sponji ya godoro imechukua nafasi ya mpira.

Kama ingekuwa imekatika koili, mbadala ni chipu ya CD4047 na mosifeti (swichi za kielektroniki) mbili za IRFZ44N, vitu ambavyo fundi wa inveta anavyo mezani. Kwa rezista ya 20k na kapasita ya 0.1 µF inatoa mapigo karibu 114 kwa sekunde. Inafanya kazi, ila ule mvumo wa vaibreta ni nusu ya raha yenyewe.

Julai 13: umeme

Vaibreta ikiwa nje, filamenti (nyuzi zinazopasha valvu moto) peke yake zilivuta 0.97 A, sawa na hesabu ya valvu hizo tano. Spika lazima iwe imefungwa muda wote; transfoma yake bila mzigo inaweza kutoboka.

Kisha vaibreta ndani, na balbu ya taa kubwa ya 55W kati ya betri na redio. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, zima, kuna shoti. Iliwaka hafifu. Ilipoondolewa: 3.1 A, volti 218 baada ya 12X4. Kwenye rezista ya 270 Ω ya kathodi ya 12AQ5 kulikuwa na volti 9.9, yaani karibu miliampea 37. Inafaa. Volti 218 zinaua. Kabla ya kuingiza kidole, toa chaji kwa rezista ya 10k.

Chuma cheusi kinachoingia na kutoka kwenye koili za kuchagua stesheni hakikuguswa kwa bisibisi ya chuma. Kinapasuka, na kikipasuka basi.

Agosti 2: ndani ya gari

Injini ikizimwa, usiku stesheni za mbali zinaingia vizuri. Ikiwashwa, ni mkwaruzo mtupu. Kapasita ya 0.5 µF imefungwa kwenye waya mnene wa dainamo, si kwenye waya wa fildi (koili ya sumaku yake), kwani huko inachoma pointi za regyuleta. Nyingine iko upande wa betri wa koili ya moto. Mluzi wa dainamo umekwisha. Mkwaruzo wa plagi umebaki. Rezista ya 10k ya waya wa katikati wa distribyuta bado haijapatikana.

Skrubu ya eriali imerekebishwa kwenye stesheni dhaifu karibu na 1400 kHz, eriali ikiwa imevutwa yote.