Tumbo likiuma, anayekuumiza ni mdudu au ni kinga yako mwenyewe?

Mtu akisema tumbo linamsumbua, kila aliye karibu anauliza umekula nini. Sio swali baya, ila mimi tangu dadangu aambiwe ana ugonjwa wa Crohn (uvimbe wa utumbo usioisha, kinga yenyewe ndo inaushambulia) nimekuwa nasoma tafiti za utumbo kila nikipata nafasi, na nimeona kuna swali lingine ndo limebeba mambo yote: hapo ndani anayeharibu ni nani? Ni yule mdudu aliyeingia, au ni kinga ya mwili inayopambana naye, au ni kinga inayopigana na kitu ambacho hakina kosa lolote? Jibu likikosewa na dawa inakosewa, na kuna wakati dawa ya jibu la mwisho inaweza kumuua mtu wa jibu la kwanza, sitanii kabisa.

Tuanze na vidonda vya tumbo manake hii stori wengi wanaijua nusu. Zamani ilikuwa inaaminika ni mawazo na asidi kuzidi, basi. Mwaka 1979 Robin Warren, daktari wa patholojia kule Perth, Australia, akaanza kuona kwenye darubini bakteria waliojipinda wamekaa kwenye utando wa tumbo, mahali ambapo watu walisema hakuna kiumbe anaweza kuishi. Mwaka 1981 akaungana na daktari mwenzake Barry Marshall, wakajaribu kuwaotesha maabara wakawa hawaoti, mpaka Pasaka ya 1982 sahani zikaachwa muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu, kumbe walikuwa wanahitaji muda tu. Bado wengi hawakuamini, kwa hiyo 1984 Marshall akanywa hao bakteria mwenyewe, siku chache baadae akawa anatapika, akafanyiwa endoskopi (kamera inayoshushwa tumboni) na utando wake ukakutwa umevimba na bakteria wamejaa. Wote wawili walipata Nobel mwaka 2005.

Wengi wanaishia hapo, mdudu amepatikana, stori imeisha. Mimi naona ndo kwanza inaanza. Bakteria huyo, anaitwa Helicobacter pylori (kwa kifupi H. pylori), yumo kwenye matumbo ya kama nusu ya watu duniani, wengi walimpata utotoni, na wengi wao hawatapata kidonda maisha yao yote. Sasa kama mdudu ni yule yule kwa nini mmoja anaumwa na mwingine yuko salama? Sehemu ya jibu ni mdudu mwenyewe, kuna aina zenye jeni ya CagA ambazo ni kali zaidi, lakini sehemu nyingine ni namna kinga ya huyo mtu inavyojibu. Huyu bakteria anatengeneza enzaimu inaitwa urease, inavunja urea inakuwa amonia, amonia inapunguza makali ya asidi pale alipo, ndo anavyoishi. Kinga inamwona vizuri tu, inaleta chembe nyeupe, inatengeneza antibodi, inafanya kila kitu, na haimtoi. Ule mkia wake wa kuogelea umetengenezwa na protini ambayo kinga inashindwa kuitambua kama inavyoitambua ya bakteria wengine, halafu anatoa sumu inaitwa VacA ambayo inazipunguza nguvu seli T, aina ya seli za kinga. Matokeo yake ni vita ambayo haina mshindi, miaka na miaka, na anayeumia ni utando wa tumbo ulioko katikati. Mwaka 2000 Emad El-Omar na wenzake walionyesha kuwa watu wenye jeni zinazofanya kinga itoe interlukini-1 (kemikali ya kinga inayoamsha uvimbe) kwa wingi walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kansa ya tumbo wakiwa na H. pylori. Yaani mdudu mmoja, watu wawili, mwisho tofauti, kwa sababu ya jinsi miili yao ilivyoitikia.

Na kuna hii ambayo nikiisoma mpaka leo nashangaa. Kuna lymphoma (kansa ya seli za kinga) ya tumbo inaitwa ya MALT, inaota kutoka kwenye seli za kinga zilizokuja tumboni kumfuata H. pylori. Mwaka 1993 kundi la watafiti London likawapa wagonjwa sita antibayotiki tu za kumuua huyo bakteria, na kwa watano kati yao kansa haikuonekana tena. Zile seli zilikuwa zinategemea mdudu awepo ndo ziendelee kuzaliana. Leo kwa ile ya mwanzo ambayo haijasambaa, kumuua mdudu ndo matibabu ya kwanza.

Kabla sijaendelea, kama unaenda kupima H. pylori: kipimo cha damu cha antibodi kinasema tu uliwahi kukutana naye, antibodi zinabaki muda mrefu hata akishakufa, kwa hiyo kutumia hicho kuangalia kama umepona hakina maana. Kipimo cha kupumua au cha choo ndo kinasema kama yupo sasa hivi. Na ukiwa unatumia dawa za kupunguza asidi kama omeprazole vinaweza kusema hayupo wakati yupo, ndo maana wanasema uziache kama wiki mbili kabla, na antibayotiki wiki nne, ila uongee na daktari wako kwanza usiache tu kienyeji.

Haya tushuke kwenye utumbo. Ukuta wa utumbo kwa ndani ni safu moja tu ya seli, moja, na seli zenyewe zinabadilishwa kila baada ya siku chache. Upande mmoja wa hiyo safu kuna bakteria matrilioni (hesabu ya 2016 ya Ron Milo na wenzake ilisema karibu trilioni 38, sio mara kumi ya seli zetu kama ilivyokuwa inasemwa bali karibu sawasawa nazo), upande wa pili kuna mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa seli za kinga mwilini. Na kila siku kinapita chakula ambacho ni protini za kigeni tupu. Kama kinga ingekuwa inashambulia kila kigeni tusingefika hata mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kazi yake kubwa pale ni kunyamaza, na kunyamaza sio usingizi, ni kazi inayofanywa kwa nguvu kila dakika. Zinamwagwa antibodi za IgA gramu kadhaa kila siku kuwashika bakteria wasisogee ukutani, bila kuamsha fujo. Kuna seli T za kutuliza wenzake, kuna interlukini-10 ambayo kazi yake ni kusema basi inatosha.

Hiyo interlukini-10 tumeijua umuhimu wake kwa kuiondoa. Mwaka 1993 watafiti walitengeneza panya wasiokuwa nayo, walitegemea wataona matatizo mwili mzima, lakini kilichoharibika zaidi ni utumbo. Baadae panya wa namna hiyo hiyo wakalelewa bila bakteria yeyote na utumbo ukabaki mzima. Mimi hilo jaribio naliona ni la maana kuliko mengi sana, kwa sababu bakteria wa kawaida wasio na madhara ndo waligeuka sababu ya ugonjwa, na hawakubadilika wao, kilichobadilika ni kinga kukosa mtu wa kuizuia. Halafu 2009 ikaja kwa binadamu: watoto waliokuwa na kolitisi (uvimbe wa utumbo mpana) kali kabisa tangu wakiwa wachanga, dawa zote zimegoma, wakakutwa vipokezi vyao vya interlukini-10 vina kasoro ya jeni. Mmoja akapandikizwa seli shina (seli zinazozalisha damu na kinga mpya) akapata nafuu ya kudumu. Kulikuwa na wazazi waliokuwa wanaangalia mtoto anadhoofika na hakuna anayejua kwa nini, na jibu likatoka kwa panya wa miaka kumi na sita nyuma. Watu wanaouliza panya wa maabara wanatusaidia nini, naomba wakumbuke hili.

Crohn ya dadangu iko kwenye familia hiyo hiyo ya kinga isiyojua kuishia wapi, ingawa sababu zake ni nyingi na jeni ni sehemu tu. Mwaka 2001 makundi mawili tofauti yalitangaza jeni ya kwanza ya Crohn, NOD2, na cha kushangaza ni jeni ya kutambua kipande cha ukuta wa bakteria. Yaani tatizo sio lazima kinga iwe kali mno, inaweza kuanza kwa kushindwa kumwona mdudu mapema, halafu inakuja kulipiza kwa fujo.

Na hapa ndo ninapotaka watu wanisikilize vizuri. Dawa za Crohn na kolitisi nyingi zinafanya kazi kwa kuinyamazisha kinga. Steroidi zinafanya hivyo, na infliximab, iliyoruhusiwa Marekani kwa ajili ya Crohn mwaka 1998, inafunga protini ya kinga inaitwa TNF. Wagonjwa wengi waliokuwa hawawezi kutoka kitandani walirudi kazini, ni dawa nzuri kweli. Lakini TNF hiyo hiyo ndo inashikilia zile kuta zinazowafungia vijidudu vya kifua kikuu ndani ya mwili vikiwa vimelala. Mwaka 2001 zikaripotiwa kesi 70 za TB kwa watu waliotumia infliximab, wengi ndani ya miezi michache, na nyingi zikiwa zimetoka nje ya mapafu. Ndo maana siku hizi kabla ya kuanza lazima upimwe TB iliyolala. Usikubali kuruka hicho kipimo.

Mbaya zaidi TB ya utumbo inafanana na Crohn, zote zinapenda ule mwisho wa utumbo mwembamba, zote zinaweza kuonyesha granuloma (kijivimbe cha seli za kinga) kwenye kipande kilichokatwa. Amiba anaweza kuleta choo cha damu na vidonda vinavyofanana na kolitisi, ukimpa mtu huyo steroidi utumbo unaweza kutoboka. Kuna mnyoo strongyloides ambaye anaweza kukaa ndani ya mtu miongo mingi kimya kwa kujiambukiza upya huko huko ndani, siku kinga inashushwa na steroidi anazaliana bila breki, anasambaa hadi kwenye mapafu akiburuza bakteria wa utumbo kuingia kwenye damu, na wengi hufa. Kipimo chake kipo na dawa yake, ivermectin, ipo. Kwa hiyo kama umeishi mahali penye minyoo hii halafu unaandikiwa steroidi za muda mrefu uliza, daktari mzuri hakasiriki ukiuliza.

Nimalizie na kundi ambalo linanisikitisha sana, wale wanaoharisha vibaya mara moja, wanapona, halafu miezi inapita na tumbo halijarudi kama zamani. Vipimo vyote safi. Kama mmoja kati ya kumi wa waliopata maambukizi ya utumbo wanaweza kubaki hivyo, na wengi wanaambiwa ni mawazo tu, dadangu nae alianza kwa kuambiwa hivyo. Mwaka 2021 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliwapa panya protini ya yai wakati wana maambukizi ya utumbo. Maambukizi yakaisha. Baadae wakipewa tena ile protini utumbo ulikuwa unauma, kwa sababu kinga wakati wa vita ilikiandika chakula kama adui, ikatengeneza IgE, antibodi ya mzio, pale pale utumboni tu, bila kuonekana kwenye damu. Wakaenda kwa watu, wakachoma vyakula kidogo kwenye ukuta wa utumbo wa wagonjwa 12 wenye IBS (tumbo linalosumbua muda mrefu huku vipimo viko safi) na wote waliitikia angalau kimoja, kwa wazima walikuwa 2 kati ya 8. Ni watu wachache najua, na dawa ya mzio waliyoijaribu baadae ilisaidia kidogo tu, sio kila mtu. Lakini maumivu yana mahali yanapotokea, na yanaweza kuonekana kwenye kipimo kama hicho cha watafiti hata kama vile vya kawaida viko safi. Kama wewe ni mmoja wao, ukienda hospitali mwambie daktari ni lini ulipata ule ugonjwa wa kuharisha na nini kilibadilika baada ya hapo, na kama kuna damu kwenye choo, unapungua uzito au tumbo linakuamsha usiku, usikubali kurudishwa nyumbani bila kuchunguzwa zaidi.