Wakili wa kesi za hataza si lazima awe mhandisi

Watu huchanganya kazi mbili. Marekani, anayeandikia wavumbuzi maombi ya hataza za uvumbuzi (haki ya kisheria ya kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wako) lazima awe na msingi wa sayansi au uhandisi na afaulu mtihani wa ofisi ya hataza. Anayezipigania mahakamani, leseni ya uwakili yatosha. (Digrii ya kemia haimdhuru, lakini.)

Kesi nyingi huning'inia kwenye neno moja. Hataza ikisema sehemu mbili "zimeunganishwa", je, gundi imo, au ni skrubu tu? Tangu 1996 jibu hulitoa jaji, si juri (jopo la raia wanaoamua kesi). Wakili mchanga hudai maana pana mno ili amnase mshindani; mshindani naye anafukua kifaa cha zamani kinachoingia katika maana hiyo hiyo, uvumbuzi unaonekana si mpya, hataza inabatilishwa. Na fidia hairudi nyuma zaidi ya miaka 6 kabla ya kufungua kesi.