Mgeni akianguka, mwangalie mwenyeji kwanza

Wiki iliyopita asubuhi nilipigiwa simu na mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya pikipiki huku Ngamiani, akaniambia mwanangu ile Windows ya ndani imekufa tena, njoo. Nikamwambia shikamoo mzee, naomba usiiguse, usiiwashe tena, nipo njiani. Niliongea kwa ukali kidogo mpaka nilipofika nikamuomba radhi, ila hapo ndo watu wengi wanapotezea kazi zao, ikianguka tu mtu anawasha, inaanguka, anawasha, mpaka hakuna cha kuokoa.

Programu yake ya stoki ni ya zamani, inakubali Windows 7 tu, na Windows 7 Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020 so kuiacha kwenye intaneti ni hatari. Ndo maana ikawekwa ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine (mashine pepe) ndani ya kompyuta halisi, juu ya Ubuntu ambayo ni aina ya Linux, mtandao umekatwa. Ubuntu ndo mwenyeji, Windows ndo mgeni. Tangu mwezi wa tano mgeni anapiga skrini ya bluu, anajirestati mwenyewe, siku mbili salama, anaanguka tena. Fundi aliyepita kabla yangu alipiga Windows upya mara mbili, ikatulia kama wiki hivi, ikarudia yaleyale.

Sasa mimi kitu cha kwanza najiuliza hapa nani hasa kafa. Kama ni skrini ya bluu, au kwa Linux ni kernel panic, yaani kiini cha mfumo kimekwama, basi aliyekufa ni mgeni, VirtualBox yenyewe bado inapumua. Kama dirisha limepotea lote na kwenye orodha ya mashine za VirtualBox imeandikwa Aborted, basi prosesi ya VirtualBox ndo imekatika kwa mwenyeji, na hii utaiona pia umeme ukikatika ghafla. Kuna ile ya tatu inaitwa Guru Meditation, jina limetoka kwenye kompyuta za zamani za Amiga, hapo ni VirtualBox yenyewe imeshindwa kuendelea. Vifo vitatu tofauti na dawa zake tofauti, na kupiga Windows upya kunagusa hicho cha kwanza tu, tena si kila mara.

Halafu logi, yaani faili ambamo programu inaandika kila kinachotokea. Kwenye folda ya mashine pepe kuna folda nyingine inaitwa Logs, ndani yake VBox.log ndo ya safari ya mwisho na VBox.log.1 mpaka .3 ni za nyuma. Kikawaida zinatunzwa hizo tatu za nyuma tu, kwa hiyo ukiwasha mara nne kwa hasira ushaufuta ushahidi wako mwenyewe. Mimi nakopi folda yote kwenye flash kabla sijafanya lolote.

Bahati mzee alikuwa na akili, skrini ya bluu aliipiga picha kwa simu. Kodi 0x0000007A. Hiyo Windows inasema nimeenda kuchukua kipande cha memori kilichohifadhiwa diski, sikukipata. Ila diski ya mgeni si diski, ni faili tu la .vdi limekaa kwenye diski ya mwenyeji! Nikafungua logi, nikakuta mistari ya AHCI, yaani njia ya mgeni ya kuongea na diski, inasema port reset, tena na tena, maana yake mgeni aliomba data, akasubiri, haikuja, akairestati njia ya diski. Hapo roho ikanidunda. Nikaenda kwenye Ubuntu nikapiga smartctl, programu ya kupima afya ya diski, kwenye diski halisi na kweli, Current_Pending_Sector, yaani hesabu ya sekta (vipande vidogo vya diski) zinazogoma kusomeka, si sifuri, ipo juu.

Mzee akaniuliza swali zuri sana, mbona Ubuntu yenyewe haianguki? Kwa sababu sehemu mbovu zimeangukia ndani ya lile faili la vdi, limekula GB 40 za diski, na Ubuntu mafaili yake yapo kwingine. Na kupiga Windows upya kulisaidia wiki moja kwa sababu diski ikiandikiwa juu ya sekta mbovu inaweza kuibadilisha na ya akiba, halafu nyingine zinaendelea kufa. Yule fundi hakuwa mvivu, alifanya kazi mara mbili kwa uaminifu, tatizo alimtibu mgeni wakati mgonjwa ni mwenyeji.

Kazi iliyobaki ilichukua usiku mzima. Diski ya zamani niliitoa, nikainakili yote kwa ddrescue kwenda SSD mpya, maana kukopi kawaida inagoma ikigusa sekta mbovu, ddrescue inaruka inachukua vizuri kwanza halafu inarudi kwenye vibovu. Vichache havikusomeka kabisa. Nikanakili vdi pembeni, ndo nikamuwasha mgeni, nikapiga chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, programu ya stoki ikafunguka na bidhaa zote zipo, mzee akakaa kwenye kiti akanyamaza.

Nikarekebisha na mengine. Kompyuta ina ramu GB 8 na mgeni alikuwa kapewa 6, nikamshusha mpaka 3, programu ile haihitaji zaidi na mwenyeji akibanwa memori wote wawili wanahengi. Kujirestati baada ya skrini ya bluu nimezima, ili kodi ikae isomeke. Na nimemwelekeza kijana wa dukani, jioni zima Windows kabisa, usifunge tu dirisha, halafu nakili vdi kwenye diski ya nje kila Ijumaa, snapishoti, ile picha ya hali ya mashine inayopigwa na VirtualBox, usiitegemee kama bekapu maana inakaa diski ileile.

Leo siku ya nane, nimepita asubuhi nikaangalia logi, port reset hakuna hata moja. Diski ya zamani ninayo hapa mezani, nimeiandikia USIFUTE kwa maka peni, mpaka mzee amalize kuhesabu plagi na cheni rafu kwa rafu alinganishe na kompyuta.